Kamba ya Popi

Mimi nilizaliwa Chekalini, kule Lugari, kwenye mahindi, nikaolewa Shianda, kwenye miwa. Watu hudhani ni kitu kimoja kwa sababu wote tunaitwa Waluhya, lakini aliyelelewa kwenye mahindi huchukua muda kuuzoea muwa. Mahindi yakivunwa unaiona nyumba ya jirani. Muwa ukishapanda, jirani unamsikia tu akikohoa. Na tena muwa hausongwi ugali. Nilisema hivyo jikoni mwaka wangu wa kwanza, nikidhani niko peke yangu, kumbe baba mkwe alikuwa ameketi nyuma ya ukuta. Alicheka mpaka akapaliwa. Siku hiyo nilijua tutaelewana.

Baba mkwe wangu aliitwa Nehemiah. Alikuwa nyapara wa wakata miwa tangu ujana wake, na sauti yake ilikuwa ya kazi hiyo: ukiitwa kutoka mwanzo wa shamba unasikia ukiwa mwisho. Jicho la kulia lilichomwa na jani la muwa akiwa kazini. La kushoto liliingia ukungu polepole, hadi akawa anautambua mchana kwa joto la jua usoni. Mke wake alikufa kabla sijaolewa. Philip, mume wangu, alikuwa mlinzi wa ghala kule Eldoret, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Miezi mingine hakuja. Kwa hiyo bomani tulibaki mzee, mimi, na binti yangu Beverly ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni. Na Popi.

Popi alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, mkubwa, mwenye sikio moja lililochanika. Jina hilo, ambalo kwa Kiingereza ni mtoto wa mbwa, alipewa akiwa mdogo wa kutosha kwenye kofia, na hakuna aliyejisumbua kulibadilisha alipokuwa mkubwa wa kutisha wageni.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu mkaza mwana na baba mkwe hawagusani. Hamsalimiani kwa mkono, kiti chake hukikalii, mbele yake huli, na chumba anacholala hukikanyagi hata paa likishika moto. Ni heshima, nami siilaumu. Imezuia mabaya mengi. Lakini walioiweka hawakumfikiria mzee kipofu aliyebaki na mkaza mwana peke yake. Mimi nilimpikia, nikamfulia nguo alizozitupa nje ya mlango, nikamwekea maji ya kuoga nyuma ya nyumba. Kumshika mkono nimvushe barabara, hilo halikuwezekana. Kazi hiyo ilikuwa ya Popi.

Walikuwa na kamba ya katani, ndefu kidogo, imefungwa kwenye ukosi wa mpira wa baiskeli. Kila asubuhi, chai ikishanywewa, mzee alitoa mguu nje ya mlango na kumgusa Popi kwa kidole gumba, Popi akaamka, wakaondoka. Mbwa mbele, mzee nyuma, kofia kichwani. Penye daraja dogo la mfereji, pale matrekta ya miwa yanapotokea, Popi alisimama. Hakusonga mpaka mzee asikilize vizuri pande zote mbili na kupiga ulimi: tsk. Ndipo wakavuka. Hakuna aliyemfundisha mbwa huyo. Nadhani aliogopa matrekta tu, na mzee akaona kuna akili katika woga ule.

Sokoni walikwenda kwa Patroba kinyozi. Patroba alikuwa na benchi barazani, redio, na maneno mengi kuliko wateja. Mzee aliketi pale, akabishana juu ya miwa na siasa, akanunua andazi kwa mama wa chai wa jirani. Alilivunja katikati, nusu akala, nusu nyingine akaishusha kando ya goti bila kusema neno. Popi aliichukua taratibu. Jua likifika utosini walirudi. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na hakuwa akiyalalamikia.

Mwaka wa tisini na sita, wakati wa kiangazi, mzee alitoa mguu asubuhi kama kawaida, akamgusa Popi, na Popi hakuamka.

"Mama Beverly," aliniita. Hakupaza sauti, na kwa mtu yule hiyo peke yake ilikuwa habari. "Kuja uone huyu."

Nilitoka jikoni na mikono yenye unga. Popi alikuwa amelala kizingitini, miguu imenyooka, amekwisha kuwa baridi. Hakuwa na jeraha wala povu. Alikuwa amezeeka, ndiyo hivyo tu.

"Amekufa, Baba."

Aliinama, akapapasa mpaka akalipata lile sikio lililochanika, akalishika muda. Halafu akasema, "Asitupwe kwa miwa," akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Shianda mbwa akifa hutupwa kwenye miwa. Unamburura mguu, unamtupa katikati ya mistari, mengine yanamalizwa na fisi wa hadithi na siafu wa kweli. Hakuna anayeona ubaya. Lakini mimi nilikulia kwenye shamba lililokuwa la mzungu. Baba yangu alipopewa sehemu yake kule Chekalini, alikuta kando ya ua wa misipresi makaburi ya mbwa wa yule mzungu, yamepangwa kwa mstari, kila moja limezungushiwa mawe. Tulipokuwa watoto tulipalilia pale. Baba alitukataza kusogeza hata jiwe moja. Alisema mwenye mbwa aliwaaga vizuri, si kazi yetu kuwasumbua. Kwa hiyo mimi nilijua mbwa huzikwaje. Niliambiwa asitupwe, nikachukua jembe.

Ardhi ilikuwa imekauka kama tofali. Nilijaribu nyuma ya jikoni, jembe likaruka. Nikajaribu kando ya zizi, likaruka tena. Palipokuwa na udongo laini ni penye migomba, kwa sababu maji ya kuoshea vyombo humwagwa pale, na ndipo alipozikwa mama mkwe. Nikachimba hatua chache kutoka kwake. Popi alikuwa amekakamaa na miguu yake imenyooka, hakukunjika, ikabidi shimo liwe refu. Nikamfukia, nikatengeneza tuta, nikalipigapiga kwa mgongo wa jembe, nikaokota mawe nikazungusha. Nilipomaliza nilisimama nikalitazama, na nasema ukweli, nilijisifu. Lilikuwa kaburi safi. Kamba niliitundika kwenye msumari nje ya jikoni.

Sikufikiri kwamba migomba ile iko kando ya njia ya kwenda sokoni.

Mzee hakutoka siku ile. Hakutoka kesho yake. Nilimwekea chakula kwenye meza ya sebuleni, nikabisha mlango wa chumba chake kwa mti wa ufagio, nikatoka. Nikirudi nilikuta obusuma, ugali wetu, umepoa, umeguswa pembeni kidogo kama umeonjwa na panya. Uji alikunywa. Chai alikunywa nusu. Niliposimama nje ya dirisha lake nilimsikia akivuta kamasi, kisha akijifanya anakohoa.

Patroba alikuja kumtafuta, maana benchi lake lilikuwa limebaki bila mtu wa kubishana naye. Wanaume wale wawili waliongea chumbani na mimi nikawasikia nikiwa uani, kwa sababu hakuna anayejua kunong'ona kati yao.

"Nitakuja kila asubuhi, nikushike mkono, twende," Patroba alisema.

"Mimi si mlevi wa kushikwa mkono."

"Basi tutafute mbwa ingine. Mbwa ni mbwa. Shemeji yangu ako na watoto watano wa mbwa, anatafutanga wa kupatia."

"Patroba, toka."

"Nimesema nini sasa?"

"Toka. Na usiambie mtu nalilia mbwa. Watu watacheka hii boma mpaka mjukuu yangu aolewe."

Patroba akatoka, macho mekundu. Na kinyozi mzima, ambaye siri za Shianda nzima zilikuwa zikidondoka barazani kwake pamoja na nywele, mara hiyo moja katika maisha yake akaamua kufunga mdomo. Watu walipomuuliza mzee yuko wapi, alitikisa kichwa tu na kuangalia chini. Walipomsisitizia, alisema, "Sidhani kama atakuja tena." Hakusema zaidi, na hilo likawa baya kuliko kama angesema yote.

Mimi wakati huo nilikuwa na hofu yangu. Mzee alikuwa akipungua. Akianguka chumbani mle nitafanya nini? Siwezi kuingia, siwezi kumwinua. Na akifa, nani ataamini kwamba alikuwa akiletewa chakula? Ndugu zake watasema mkaza mwana wa Lugari, yule anayedharau miwa, alimwacha mzee akafa njaa huku mwenyewe akinenepa. Philip angenitazama kwa macho gani? Lakini juu ya yote hayo, nilimpenda yule mzee. Baba yangu alikuwa mtu mzuri asiyecheka. Huyu alicheka. Nilitaka atoke nje acheke tena, nami nilikuwa na ufagio tu wa kubishia mlango.

Ndipo kilio kikaja.

Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha kupanda, nami nilikuwa nikianika nguo. Nilisikia mbali, upande wa barabara, sauti ya mwanamke inapanda na kushuka, kisha nyingine nyingi zikamfuata. Sasa kwetu kilio kikiingia bomani kwako huulizi kwanza. Unaweka mikono kichwani, unalia, maswali unayauliza ukiwa tayari unalia. Nikaziangusha nguo, nikaweka mikono kichwani, nikakimbia kuwapokea huku nikipiga mayowe kuliko wao. Beverly mgongoni naye akaanza. Moyoni nilijua ni Philip. Nilijua ameuawa na wezi wa ghala, nikamwona amelala kwenye saruji ya Eldoret.

Mbele yao alikuwa Senje Nekoye, dada wa mzee. Senje ndilo jina tunalomwita shangazi. Ameolewa Khwisero, mwembamba, na nguvu zake zote ziko kooni. Nyuma yake walikuwa wanawake wa kwake, na wanawake wa Shianda waliojiunga njiani, wamejitwika kuni na unga kama inavyofanywa penye msiba. Nyuma kabisa alikuja Sylvanus, jirani yetu wa ng'ambo ya miwa, mzee wa kanisa, amebeba viti viwili.

"Mayi wee! Nehemiah, mwana wa mama! Umeniachia nani?"

"Nani, Senje? Nani amekufa?" nikauliza nikilia.

Aliacha kulia papo hapo.

"Unaniuliza mimi? Wewe ndio umezika, na unaniuliza nani?" Akanisogelea mpaka kifua chake kikagusa changu, kidole amekinyoosha pembeni. "Ata kwa redio hamkutangaza! Mimi jioni yote nimekaa na redio, nasikia marehemu ya watu wengine inasomwa, ya ndugu yangu hakuna! Mnamtia kwa shimo kama mbwa!"

Nilifuata kidole chake. Kilielekea kwenye migomba, kwenye tuta langu safi na mawe yake, hatua chache kutoka kaburi la mama mkwe. Nikaelewa yote kwa mara moja. Si Philip! Na Mungu anisamehe, nikasikia kicheko kinapanda tumboni. Nilikimeza.

"Senje, hiyo ni Popi."

"Popi ni nani?"

"Ile mbwa ya Baba. Ile ilikuwa inamtembezanga."

Wanawake wakatazamana chini ya kuni zao.

"Tangu nizaliwe," Senje akasema polepole, "sijaona mbwa inazikwa kwa hii ukoo. Na inazikwa karibu na mama mwenye boma, na inawekewa mawe. Hiyo ni kaburi ya mtu. Ndugu yangu ako wapi?"

"Ako ndani."

"Mwite atoke."

"Hatokangi siku hizi," nikasema.

Ilikuwa kweli tupu, na nilipoisikia ikitoka mdomoni mwangu nikajua imenimaliza. Niliyaona macho yao. Mwanamke mmoja alitua kuni zake chini taratibu, kama anayetaka mikono yake iwe huru. Sylvanus akasema turudi nyuma kidogo, tuombe, kisha tumwite naibu chifu. Senje hakungoja maombi. Alianza tena kulia, na safari hii alilia vizuri zaidi kwa sababu alikuwa na hasira. Alimlilia Nehemiah tangu utoto wao: jinsi alivyombeba kuvuka mto, jinsi alivyompa shuka lake siku ya kuolewa kwake, jinsi alivyoimba bila kujua kuimba. Wenzake wakamwitikia. Boma lote likajaa.

Kitasa cha mlango kikalia.

Mzee alitokea kizingitini bila kofia, ndevu zimeota, shati limefungwa vifungo vibaya, mkono mmoja ukutani. Aligeuza uso upande wa sauti.

"Nekoye," akasema. "Punguza kelele. Bado."

Nimeona watu wakikimbia moto wa miwa, lakini sijaona watu wakikimbia namna ile. Kuni zilidondoka mahali pamoja na kuwa lundo. Mama mmoja aliingia kwenye migomba na kukanyaga kaburi, akagundua alichokanyaga, akatoka kwa mruko mwingine. Wa kwanza kufika barabarani alikuwa mzee wa kanisa Sylvanus, na kiti kimoja bado kiko mkononi. Tuliobaki tulikuwa mimi na Senje, yeye kwa sababu alijikwaa kwenye kuni, mimi kwa sababu nilikuwa nikicheka, na machozi yananitoka.

Senje alikaa chini kwenye vumbi. "Nimekulilia ukiwa hai," akasema. Sasa aliogopa kweli. "Nehemiah, nimekuita kifo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

"Ulilia vizuri," mzee akamjibu. "Ile ya shuka nilikuwa nimesahau."

Watu walirudi mmoja mmoja. Wakakaa mbali kwanza, wakatazama kama kivuli chake kipo, wakasogea. Ndipo likaja suala la kuni. Kuni zilizobebwa kupelekwa msibani hazirudishwi nyumbani. Ukizirudisha unabeba msiba unaupeleka kwako. Unga vivyo hivyo. Na kilio kilichokwisha kutoka hakirudi kooni. Hakiwezi kuachwa kinaning'inia juu ya kichwa cha mtu aliye hai. Kinamama walijadiliana, Senje akitoa amri kutoka vumbini. Wakakata shauri kwamba moto lazima uwashwe, obusuma usongwe, ingokho, yaani kuku, achinjwe, watu wale chakula, wamalize, ili kilio kipate pa kutua. Hawakusema kitue kwa nani. Kila mtu alitazama upande wa migomba kisha akatazama kwingine.

Hivyo ndivyo mbwa alivyofanyiwa matanga Shianda, kwa makosa ya jembe langu.

Walipokwisha kula, wakiwa wamekaa na mikono yenye mafuta, mzee alisimama akiegemea nguzo ya baraza. Walidhani atashukuru kwa chakula.

"Mimi nilikuwa nalia ndani kama mwizi," akasema. "Mwanaume halilii mbwa hapa kwetu, mimi najua. Mimi mwenyewe nimetupa mbwa kwa miwa, tena wengi, na nilienda nikakula vizuri. Lakini huyu alikuwa macho yangu. Mama wa watoto alipokufa, mlikuja mkakaa na mimi, mkarudi kwenu. Huyu alibaki. Kila asubuhi alikuwa ananitoa kwa nyumba. Sasa nyinyi mmekuja mkalia, ata kama mlikuwa mnalia mtu mwingine. Mimi nimechukua hiyo kilio. Asanteni."

Akalia mbele ya watu, wazi, na pua ikitiririka. Hakuna aliyecheka. Sylvanus aliyekuwa ametangulia barabarani akaanzisha wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na tukaimba. Mimi nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua debe la maji.

Wepesi huo haukukaa. Jioni wengine walipoondoka, Senje alibaki. Alikagua sebule, akakagua sufuria zangu, akamtazama kaka yake jinsi shati lilivyomlegea mabegani.

"Kesho utaenda na mimi Khwisero," akamwambia.

"Siendi. Hapa ni kwangu."

"Hapa nani atakutembeza? Mbwa imekufa. Mkono hutaki kushikwa. Na huyu," akanionyesha kwa kidevu, "ni mkaza mwana, hawezi kukugusa. Utakaa kwa hiyo chumba mpaka nirudi kulia tena? Mimi silii mara mbili. Kule kwangu niko na vijana, unataka, hutaki, watakubeba."

Nilingoja mzee ajibu kwa ile sauti ya nyapara, nikangoja, lakini alichofanya ni kupapasa chini kando ya kiti kwa mkono, mahali Popi alipokuwa akilala, kisha akaurudisha mkono magotini. Nilijua ameshindwa. Senje alizifunga nguo za mzee katika leso ya kijani na kuliweka furushi karibu na mlango. Halikuwa furushi kubwa.

Asubuhi nilipika chai. Nilimwekea, nikabisha kwa ufagio, nikatoka. Senje alikuwa uani akifunga kilemba. Nilimfunga Beverly mgongoni, nikaenda ukutani nikaitungua kamba kutoka msumarini. Ukosi wa mpira niliukata kwa kisu, nikauweka kando. Sikujua kama ninachotaka kufanya ni heshima au ni tusi. Mtu anaweza kuyatafsiri mambo kama yale vyovyote.

Nikaenda mpaka mlangoni pake. Ncha moja nikaiweka kizingitini, pale pale Popi alipokuwa akilala. Ncha nyingine nikaizungusha kwenye kiganja changu. Nikarudi nyuma mpaka kamba ikanyooka, nikampa mgongo.

"Baba," nikasema, "kamba iko mlangoni."

Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani. Nikasikia nyayo zake, kisha mguu wake ukitoka nje kama kawaida, kidole gumba kikitafuta. Kikaigusa kamba. Alisimama muda mrefu kiasi cha Beverly kuanza kunivuta nywele. Halafu kamba ikakaza mkononi mwangu.

Senje alifungua mdomo. Nikamtazama. Akapima kwa macho urefu wa kamba kutoka kwa mzee mpaka kwangu, akaona ardhi tupu katikati, hakuna mkono uliogusa mkono. Akaufunga mdomo. Sikumwona akilichukua furushi, lakini tuliporudi mchana lilikuwa limeondoka mlangoni na nguo za mzee zilikuwa zimeanikwa.

Tulikwenda. Mimi mbele, yeye nyuma, kofia kichwani. Tulipopita migomba alipunguza mwendo, nikamngoja. Watu waliokuwa wakienda sokoni walisimama kando ya njia kutupisha na kutushangaa, nami niliwasalimia wote kwa jina ili waone aibu. Penye daraja la mfereji nilisimama. Trekta lilikuwa likija na mikokoteni yake, miwa ikiburuta majani barabarani. Likapita. Vumbi likatulia. Nikasikiliza naye akasikiliza.

"Tsk," akafanya mzee.

Akashtuka mwenyewe. "Mama Beverly, nisamehe. Mdomo imezoea."

"Hakuna ubaya, Baba," nikasema, na nikavuka.

Patroba alipotuona aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, akafuta benchi kwa taulo. Hakusema neno, jambo la pili la ajabu katika maisha yake. Mzee aliketi mahali pake. Mimi nilisimama nje ya baraza, mbali kidogo, nimeshika ncha yangu. Redio ilikuwa ikisoma bei za mahindi. Mama wa chai alileta andazi, likiwa bado la moto.

Mzee alilivunja katikati. Nusu moja akaanza kuila. Nusu ya pili mkono wake uliishusha wenyewe kando ya goti, chini, ukangoja. Patroba alitazama juu kwenye dari. Mkono ulikaa pale. Kisha ukapanda polepole, ukapapasa benchi mpaka mwisho wake, upande wangu, ukaliweka andazi pale na kujiondoa.

Siku nyingine yoyote ningekasirika kupewa sehemu ya mbwa. Na mkaza mwana hali mbele ya baba mkwe wake. Lakini yeye hakuwa akiona. Nilisogea, nikalichukua, nikampa Beverly kipande, nikala lililobaki nikiwa nimesimama.

"Imeiva?" mzee akauliza, uso wake umeelekea barabarani.

"Imeiva, Baba."

"Mm," akasema. Kisha akamgeukia Patroba, akamwuliza ni mjinga gani amemwambia bei ya mahindi itapanda.